Kikuza Sauti cha Valvu na Mafundi Waliokilea

Msomaji, huenda siku moja ukakuta katika stoo ya kanisa, au katika nyumba ya mzee aliyekuwa mpiga gita ujanani mwake, sanduku la mbao lililovikwa kitambaa kikuukuu, lenye mkono wa kubebea kama wa sanduku la safari, na uso wa kitambaa chepesi ambacho nyuma yake pana spika. Ukilizungusha ulitazame kwa nyuma, utaona chupa ndogo za kioo zimepangwa safu, zinaning'inia kichwa chini kama popo darini. Hicho ni kikuza sauti cha gita, cha aina ya valvu. Wengi watakuambia ya kwamba ni takataka. Nami nakusihi usikubali upesi, maana chombo hicho, ijapokuwa kimenyamaza miaka 40 au 50, yamkini chaweza kuponywa juu ya meza ya nyumbani kwa bisibisi, koleo, mita ya kupimia umeme na chuma cha kulehemia. Spika ndogo ya kisasa iliyonunuliwa mwaka jana ikifa, aghalabu imekufa kabisa. Mzee huyu hufufuka. Kwa nini? Jibu halimo katika elimu ya umeme peke yake. Limo katika historia, tena katika historia ya watu ambao vitabu vyetu huwapita mbio: mafundi ambao kazi yao ni kutengeneza vitu vilivyoharibika.

Mwanzo wa habari hii ni taa. Katika miaka ya 1880, huko Marekani, Thomas Edison aliona jambo geni katika taa zake za umeme: umeme uliweza kuruka kutoka kwenye uzi unaowaka mpaka kwenye kipande cha chuma kilichotiwa ndani ya kioo kile kile, ijapokuwa viwili hivyo havikugusana. Aliomba hataza ya jambo hilo mwaka 1883, kisha akaliacha. Miaka 20 na zaidi ikapita. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming, profesa mjini London, akalitumia jambo hilo kuupitisha umeme upande mmoja tu, kama vali ya gurudumu la baiskeli inavyouruhusu upepo kuingia na kuukataza kutoka; ndiyo sababu Waingereza wakaiita chupa ile valvu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1906, Mmarekani Lee de Forest akatia kati ya uzi na bamba kitu cha tatu: wavu mwembamba wa waya.

Wavu huo ndio ulioleta mambo makubwa. Fikiria bomba nene la maji yanayokwenda kwa nguvu, na bilula ambayo mtoto mdogo aweza kuigeuza kwa kidole kimoja. Nguvu ya kidole si kitu, walakini maji mengi huitii. Ndivyo ilivyo ndani ya valvu: umeme dhaifu ukigusa wavu, umeme mkubwa utokao kwenye uzi kwenda kwenye bamba huongezeka na kupungua kwa mfano ule ule. Unong'ono huwa kelele. La kuchekesha ni kwamba de Forest mwenyewe hakufahamu sawasawa kazi ya chombo chake. Alidhani hewa kidogo iliyosalia ndani ya kioo ndiyo iliyosaidia, kumbe ndiyo iliyokiharibu. Wengine waliokuja nyuma yake, akina Harold Arnold na Irving Langmuir, ndio walioonyesha ya kwamba hewa yote yapasa kunyonywa. Hata mwaka 1915 valvu zikawawezesha watu wa New York kusema kwa simu na wenzao wa San Francisco, umbali wa zaidi ya kilomita 4,000.

Gita nalo lilikuwa na shida yake ya miaka mingi, yaani sauti ndogo. Katika bendi za dansi za Marekani za miaka ya 1920 na 1930, zenye tarumbeta, saksafoni na ngoma, mpiga gita alionekana mikono ikienda lakini hakusikika. Huko Los Angeles George Beauchamp, naye mwanamuziki, akishirikiana na Adolph Rickenbacker, alitengeneza gita ambalo chini ya nyuzi zake mna sumaku na waya uliozungushwa mara nyingi. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, waya ule hupata umeme kidogo sana. Gita hilo lilianza kuuzwa mwaka 1932, likiwa la alumini, tumbo lake duara na shingo ndefu, hata watu wakalipa jina la utani la kikaango. Basi umeme kidogo wa gita ukakutana na valvu inayokuza umeme kidogo. Mwaka 1939 Charlie Christian, kijana Mweusi, akaingia katika bendi ya Benny Goodman na gita la umeme, akaonyesha ya kwamba gita laweza kusimama mbele ya tarumbeta na kusema nayo sawa kwa sawa. Alifariki mwaka 1942, hajatimiza miaka 26.

Sasa twaja kwa mtu ambaye ningependa tukae naye kitambo. Leo Fender alizaliwa mwaka 1909 katika shamba la machungwa huko California. Alipokuwa mtoto alipoteza jicho moja, na maisha yake yote alivaa jicho la kioo. Alisomea kazi ya kuweka hesabu, akaajiriwa. Kisha dhiki kuu ya miaka ya 1930 ikamtoa kazini. Akakopa dola 600, na mwaka 1938 akafungua katika mji wa Fullerton duka dogo la kutengeneza redio. Hakujua kupiga gita, wala hakujifunza hata alipokuwa tajiri kwa ajili ya magita. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wa ualimu jambo hili kila ninapopata nafasi, maana wako wanaodhani ya kwamba mtu hawezi kuhudumia sanaa asiyoweza kuifanya yeye mwenyewe.

Katika duka lile waliingia wakulima na redio zao, na pamoja nao wanamuziki wenye vikuza sauti vilivyoungua, vilivyokatika waya, vilivyoanguka garini. Fender alivifungua kimoja kimoja. Mwenye kutengeneza vitu vilivyobuniwa na wengine hujifunza jambo ambalo mbunifu halioni: huona mahali kila kitu kinapofia. Aliona waya uliobanwa mahali pa moto, transfoma iliyo ndogo kuliko kazi yake, sanduku lisilofunguka ila kwa kuvunjwa. Mwaka 1945 akaanza kutengeneza vyake pamoja na mwenzake Doc Kauffman, na mwaka 1946 akaanzisha kampuni yake mwenyewe. Vikuza sauti alivyovitoa humo vilikuwa kazi ya mtu aliyechoka kuona kazi mbaya.

Ukifungua kimoja chavyo utaelewa. Vipande vyote vidogo, rezista na kapasita, vimelazwa juu ya ubao mmoja kama kamba za ngalawa zilivyonyoshwa, kila kimoja chaonekana na chaweza kung'olewa bila kumgusa jirani yake. Valvu hazikulehemiwa, zimekaa katika matundu, zachomolewa kwa mkono. Mgongo wa sanduku hushikwa na skrubu chache. Tena ndani, ubavuni, pamebandikwa karatasi yenye kutaja kila valvu na mahali pake. Karatasi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mnunuzi. Iliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye Fender hakumjua wala hakutazamia kumwona, fundi wa mji wa mbali, ambaye miaka mingi baadaye angeketi na sanduku lile mbele yake usiku, na mwenye mali akilitaka asubuhi. Wala si yeye peke yake aliyewafikiria watu hao. Katika zama zile makampuni ya kutengeneza valvu yalichapisha vitabu vyenye michoro ya mfano, na mtu yeyote aliweza kuisoma na kuifuata. Elimu ilikuwa wazi kama mlango wa duka.

Na sauti ile ambayo watu huisifu hata leo, ilitoka wapi? Wabunifu walitaka sauti safi. Valvu ikilazimishwa kupita uwezo wake, sauti huanza kukwaruza na kunguruma. Kwa mhandisi hiyo ni aibu. Mwezi wa Machi 1951, kikundi cha vijana wa Ike Turner kilisafiri kutoka Mississippi kwenda Memphis kurekodi wimbo ulioitwa Rocket 88. Njiani kikuza sauti cha mpiga gita Willie Kizart kiliharibika, spika yake ikaumia. Walipofika hapakuwa na wakati wa kutafuta kingine. Sam Phillips, mwenye studio, akaijaza karatasi spika ile iliyoumia, wakapiga hivyo hivyo, gita likitoa mkwaruzo mzito. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, husema wazee wetu. Huko Memphis koleo lililovunjika liligeuka kuwa chombo kipya. Wimbo ule ulipendwa mno, na wapigaji wengine wakaanza kuutafuta mkwaruzo huo kwa makusudi. Mwaka 1964 huko Uingereza Dave Davies, kijana wa kikundi cha Kinks, alikata spika ya kikuza sauti chake kidogo kwa wembe ili tu apate sauti ya namna hiyo!

Kwa kuwa tumefika Uingereza, na tuingie katika duka la Jim Marshall. Alikuwa mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma, naye mwaka 1960 alifungua duka la vyombo vya muziki huko Hanwell, magharibi ya London. Wapiga gita waliofuatana na wapiga ngoma wake walimlalamikia: vikuza sauti vya Kimarekani ni ghali kwa kuwa hutoka ng'ambo, na vya hapa havina ukali tunaoutaka. Marshall hakuwa mtu wa umeme. Walakini alikuwa na fundi wa matengenezo, Ken Bran, na Bran akamleta kijana mmoja, Dudley Craven, aliyekuwa akijifunza kazi katika kampuni ya EMI. Wakachukua kikuza sauti cha Fender kiitwacho Bassman, kilichokusudiwa gita la besi, wakakifungua, wakakifuata waya kwa waya. Mwaka 1962 wakapata chao.

Wako wasemao ya kwamba waliiba. Kwa maoni yangu neno hilo ni kali mno, maana mchoro ulikuwa wazi, na Fender mwenyewe alijifunza kwa michoro ya waliomtangulia. Tena tazama kilichotokea. Vipande vya Kimarekani havikupatikana London kwa bei nafuu, kwa hiyo wakatumia vya Kiingereza: transfoma nyingine, baadaye na valvu nyingine, na badala ya spika nne za inchi 10 katika sanduku lililo wazi nyuma, spika nne za inchi 12 katika sanduku lililofungwa pande zote. Mchoro ulikuwa karibu ni ule ule, sauti ikawa nyingine kabisa, nzito na yenye kuuma. Kama neno la Kiarabu lililotua pwani yetu, likakaa vinywani mwa watu, likawa la Kiswahili. Jimi Hendrix, Mmarekani aliyefika London mwaka 1966, alivinunua vikuza sauti hivyo, na sauti iliyozaliwa Fullerton ikarudi kwao Marekani ikiwa mgeni.

Basi turudi kwenye sanduku letu la stoo. Kabla sijasema neno lingine, nisikilize vizuri. Ndani yake mna kapasita kubwa ambazo kazi yake ni kuweka akiba ya umeme, na akiba hiyo yaweza kuwa ya volti 400 na zaidi. Haziondokewi na umeme mara tu plagi inapochomolewa. Zaweza kuushika kwa muda mrefu, na mtu ameuawa na kitu ambacho hakikuunganishwa na ukuta. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kuchomoa plagi, kisha kuzimwaga kapasita hizo polepole kupitia rezista yenye mshiko usiopitisha umeme, kisha kupima kwa mita mpaka aone ya kuwa hapana kitu. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kutia mkono mmoja mfukoni wanapopima chombo kilichowashwa, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Nawe, ikiwa hujawahi kufanya kazi ya umeme, usiianze peke yako. Keti kando ya fundi aijuaye, umshikie taa.

Jambo la pili ni waya wa ardhi. Vikuza sauti vingi vya Kimarekani vya miaka ya 1950 vilikuwa na plagi ya miguu miwili tu, na kapasita moja ndogo iliyounganisha njia ya umeme wa nyumba na bati la chombo. Kapasita hiyo ikipasuka, bati lote hupata umeme, na kwa njia ya bati, nyuzi za gita zilizo mikononi mwa mpigaji. Mafundi huiita kapasita ya mauti, na huing'oa kabla ya yote, wakatia waya wa miguu mitatu wenye ardhi. Hilo si neno la kutisha watoto. Ardhi mbovu imeua. Mwezi wa Mei 1972, mjini Swansea, mpiga gita Les Harvey aligusa maikrofoni jukwaani huku gita li mikononi. Chombo hakikuwa na ardhi sawasawa, akafa mbele ya watazamaji. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha Yardbirds, alikufa kwa namna kama hiyo nyumbani kwake akipiga gita. Na kwa msomaji wa Kenya liko la kuongeza: umeme wa nyumba zetu ni volti 240, wa Marekani ni 120. Chombo cha Fullerton kikichomekwa hapa moja kwa moja, bila transfoma ya kupunguza, kitatoa moshi badala ya muziki.

Hayo yakiisha kutazamwa, kazi yenyewe ni ya subira kuliko ya maarifa mengi. Kapasita zile kubwa zina maji ya dawa ndani yake, nayo hukauka kwa miaka. Zikikauka, spika hutoa mvumo mzito usiokoma, kama wa mzinga wa nyuki. Hizo hubadilishwa zote pamoja. Fyuzi hutazamwa, na mara nyingi hukutwa imefungwa kwa karatasi ya sigara ing'aayo, kazi ya mtu aliyetaka kumaliza dansi usiku ule, asijali kitakachoungua kesho. Matundu ya valvu yenye kutu husafishwa. Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, fundi mwangalifu huunganisha chombo kwa kupitia balbu ya zamani ya uzi: balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, heri, ikiwaka kwa ukali na kudumu hivyo, ndani mna waya unaogusana mahali pasipostahili, na swichi izimwe upesi. Spika isiachwe kuunganishwa kamwe, maana kikuza sauti cha valvu kikifanya kazi bila spika huweza kuichoma transfoma yake ya mwisho, na hiyo ndiyo iliyo ghali kuliko vyote. Kisha chupa huanza kutoa mwanga wa rangi ya chungwa. Fundi huzigonga moja moja kwa ncha ya penseli, akisikiliza ipi inayolia.

Kwa nini basi chombo kizuri namna hii kiliachwa? Mwezi wa Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain, wakiwa chini ya William Shockley, walifanya transista ya kwanza. Ilikuwa ndogo, baridi, haikuvunjika wala haikungoja kupata moto. Redio zikaihamia, simu zikaihamia, na mwaka 1966 hata kampuni ya Fender, ambayo mwenyewe alikuwa ameiuza mwaka uliotangulia kwa dola milioni 13, ikatoa vikuza sauti vya transista. Wapiga gita wengi hawakuvipenda. Transista ikilazimishwa kupita kiasi hukata sauti kwa ghafula. Valvu huikunja kwa upole, na masikio yalikuwa yamekwisha kuzoea upole huo.

Lakini wapiga gita ni wachache, na kiwanda hakiendeshwi na wachache. Viwanda vikubwa vya valvu vya Marekani na Uingereza vikafungwa kimoja baada ya kingine katika miaka ya 1970 na 1980. Kama habari ingekwisha hapo, vikuza sauti vyote vya kale vingekuwa makabati ya vumbi. Kumbe upande wa mashariki majeshi yalikuwa bado yakitumia valvu. Mwezi wa Septemba 1976 rubani wa Kisovieti, Viktor Belenko, alitoroka na ndege ya kivita ya MiG-25 akatua Hakodate, Japani. Wamarekani walipoifungua ile ndege iliyowatia hofu, walikuta valvu ndani yake. Wapo waliocheka. Walakini viwanda vya nchi za namna hiyo ndivyo vilivyoendelea kupuliza kioo wakati wengine walipoacha, na leo valvu nyingi zinazotiwa katika vikuza sauti hutoka Urusi, Slovakia na China.

Basi ukifungua sanduku la Fender la miaka ya 1950, waweza kukuta ndani ya bati kipande kidogo cha utepe wa gundi kilichoandikwa kwa mkono jina la mwanamke. Wengi waliolehemu vikuza sauti hivyo walikuwa wanawake wa Fullerton na vijiji vya jirani, na kila mmoja alitia jina lake kwenye kazi aliyoimaliza. Utepe huo usiutoe. Na katika mbao za sanduku, karibu na karatasi ya valvu, tafuta maandishi ya penseli, kwa maana mafundi wengi huandika humo tarehe na vitu walivyobadilisha, ili ajaye asipoteze usiku kutafuta. Yasome kwanza, kisha andika yako chini yake.